Transkripti Imejaa, Bahari Tupu: Mwanangu Ahamie Chuo cha Marekani?

SWALI

Assalamu alaykum ndugu wa safu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Langoni hapa Amu, yaani Lamu. Kifunguamimba wangu yuko mwaka wa pili wa diploma ya unahodha, upande wa deki, katika chuo kimoja Mombasa. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alipata C, hisabati C+. Mpaka sasa amefanya yuniti 16 akafaulu 15. Iliyomwangusha ni hisabati ya unahodha, ile yenye trigonometria. Matokeo yametoka mwezi uliopita.

Tangu hapo nyumba haina utulivu. Binamu yake aliye Marekani anampigia simu kila usiku. Anamwambia aache hiyo diploma, aingie chuo cha ubaharia huko, yuniti zake zitahesabiwa, na kwa miaka miwili atatoka na digrii pamoja na leseni ya uafisa. Mwanangu amekwisha kuamini. Anasema hizo 15 ni nusu ya safari.

La pili, babu yake ana jahazi. Kijana anatoka naye tangu ana miaka 13, kila likizo, mara wamebeba mchanga na boriti, mara wamevuka hadi Faza na Kizingitini. Ukijumlisha haipungui miezi 14. Babu anauliza kwa nini chuo kinamtaka kijana akatafute miezi 12 ya baharini ilhali anayo tayari, nami sina la kumjibu.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kuna bwana amejitokeza, anajiita wakala wa meli, anasema atampatia mwanangu nafasi ya ukadeti, yaani mafunzo ya uafisa melini, kwa shilingi 180,000, nusu sasa na nusu siku ya kupanda meli. Baba watoto ameshaanza kutafuta mnunuzi wa mashua yetu ya uvuvi, na mashua hiyo ndiyo inayotulisha.

Tufanye nini, na tuanze na lipi?

Mama wa Langoni

JIBU

Wa alaykumu salaam, mama yetu.

Mashua isiuzwe. Hilo mwambie baba watoto leo, kabla hajapata mnunuzi.

Kenya iliridhia mwaka 2014 mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia pesa kwa kumpatia kazi melini. Anachoweza kujilipia baharia mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Karo ya chuo ni jambo jingine, hiyo ni halali na mnailipa. Ila hizo 180,000 za “nafasi” hazina jina katika sheria, na kuzigawa nusu kwa nusu hakuzihalalishi. Tena hiyo nusu ya kwanza ndiyo inayopotea, maana wakati huo hakuna meli iliyotajwa.

Mkitaka kumpima bwana huyo bila ugomvi, mwombeni maandishi: jina la meli, bendera yake, namba yake ya IMO (ya shirika la kimataifa la bahari), mkataba wa kadeti, na leseni yake ya uwakala, kisha mkaulize KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, kama leseni hiyo wanaijua. Namba ya IMO ina tarakimu saba, na mnaweza kuikagua mezani kwa kalamu. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ile ya saba. Chukua 9074729: 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139, inaishia kwa 9, na tarakimu ya saba ni 9. Namba isipokubali hesabu hiyo ni ya kubuni. Ikikubali, bado mnatakiwa kuhakikisha kwamba meli ni hiyo na kwamba kampuni yake inamjua wakala huyu.

Sasa masomo. Maswali yako mengine mawili yana mzizi mmoja: watu wanaandika vitu viwili katika daftari moja. Afisa wa meli ana madaftari mawili. La kwanza ni la darasani, lina yuniti, krediti na alama. La pili ni la baharini, lina siku, zamu na saini. Ziada ya hili hailipi deni la lile. Mtu anaweza kumaliza digrii kwa alama za juu na asiruhusiwe kushika zamu hata usiku mmoja. Na mwingine akawa na miaka kumi ya tanga, asipewe kiti katika mtihani wa uafisa.

Daftari la darasani kwanza, kwa sababu ndilo binamu anapopotosha, ingawa naamini hana nia mbaya. Krediti ni kipimo cha saa, kama pishi ilivyo kipimo cha nafaka, na kila nchi ina pishi yake. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu hapa Kenya, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, za darasani, za karakana na za kujisomea zikiwemo. Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30. Marekani krediti moja ni saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa semista ya wiki 15 hivi. Kwa hiyo somo la krediti 3 la Marekani ni saa 9 kwa wiki, yaani saa 135 kwa semista. Saa hizo hizo 135 kwa pishi ya Kenya ni krediti 13 na nusu, na kwa pishi ya Ulaya ni kama 5. Ndiyo maana kumwambia mtu “nina yuniti 15” hakumwambii kitu. Atauliza kila yuniti ina saa ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za karakana. Vyuo vikuu vyetu vingi huhesabu saa 3 za karakana kuwa sawa na saa 1 ya mhadhara, kwa hiyo kijana anaweza kushinda siku nzima kwenye mazoezi na transkripti, ile karatasi ya matokeo ya chuo, ikaonyesha kidogo.

Chuo kinachopokea ndicho kinachoamua kipokee nini, somo moja baada ya jingine. Kinaweka silabasi mbili pamoja, kinatazama saa na alama, na vingi vina kikomo cha krediti wanazokubali kutoka nje hata kama zote ni nzuri. Yuniti iliyofauluwa kwa kuponea chupuchupu mara nyingi huachwa. Katika ubaharia kuna kizuizi kingine ambacho mwanafunzi wa biashara au ualimu hakijui. Mkataba wa STCW wa mwaka 1978, wa viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia, ule uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010, unataka mafunzo ya leseni yawe yameidhinishwa na kusimamiwa na serikali inayotoa leseni. Kwa hiyo hisabati, fizikia, kompyuta na lugha huhama bila taabu kubwa. Lakini kuongoza meli, kushika zamu, upakiaji wa shehena, uthabiti wa meli na sheria za kuzuia migongano ya vyombo, hayo ndiyo chuo kipya husema: rudia kwetu. Katika yuniti 15 za mwanao, hesabuni ni ngapi za kundi la kwanza. Hizo ndizo za kuzungumzia uhamisho, na sidhani kama zitafika nusu ya safari.

Kuhusu Marekani penyewe liko jambo moja linalomaliza mjadala wa leseni. Vyeti vya uafisa wa meli vya huko hupewa raia wa Marekani. Mgeni anaweza kukubaliwa katika baadhi ya vyuo hivyo, akasoma na kupata digrii yenye thamani, lakini leseni anayoisema binamu haitamfuata kama si raia. Kwa hiyo akienda, aende akijua anafuata digrii, na leseni ataitafuta kwingine. Hilo ni jambo la kuulizia chuo kwa barua kabla ya kulipa ada ya maombi.

Kisha liko daftari la pili, na hapa ndipo kuacha diploma katikati kunapogharimu zaidi. Kwa afisa wa zamu wa deki katika meli ya ujazo wa tani 500 kwenda juu, STCW inataka awe na umri usiopungua miaka 18, awe na muda wa baharini usiopungua miezi 12 ndani ya programu iliyoidhinishwa, mazoezi yakiandikwa katika kitabu cha kadeti, na katika muda huo awe ameshika zamu kwenye chumba cha usukani kwa miezi isiyopungua 6 chini ya nahodha au afisa mwenye sifa. Aliye nje ya programu iliyoidhinishwa anatakiwa awe na miezi 36. Soma tena tarakimu hizo mbili, mama. Leo mwanao anadaiwa 12. Siku atakapojiondoa chuoni bila kuingia programu nyingine iliyoidhinishwa, anadaiwa 36. Upande wa injini ni hesabu ya namna hiyo hiyo, kwa meli zenye mtambo wa kilowati 750 kwenda juu, ila huko miezi 12 inachanganya karakana na bahari, na 6 iwe ya zamu katika chumba cha injini.

Je, miezi 14 ya jahazi? Mwambie babu kwa heshima kwamba haihesabiki, na umweleze sababu, kwa maana anastahili kuijua. Kinachohesabiwa kwa kadeti ni muda ulioidhinishwa: chombo cha ukubwa uliotajwa, jina la kijana katika orodha ya mabaharia, tarehe ya kupanda na ya kushuka zikiwa kwenye kitabu cha baharia, na afisa mwenye leseni aliyemsimamia akasaini kila kazi. Jahazi halina orodha hiyo, wala nahodha wake hana cheti cha kutia saini, hata akiwa anaijua bahari ya kutoka Amu hadi Kiunga usiku bila taa. Tena sehemu ya miezi hiyo kijana alikuwa na miaka 13. Palipo na faida ya muda ule ni kwenye cheti cha kuendesha boti ndogo. Akitaka kujipatia riziki ya kubeba abiria kati ya Mokowe, Amu na Manda wakati anasubiri meli, huko uzoefu wake utamsaidia.

Na utamsaidia mahali pengine, palepale alipoanguka. Hisabati ya unahodha inawaangusha vijana wengi wa pwani, na si kwa kukosa akili. Ni kwa sababu wanalijua jibu bila kujua njia ya kuliandika. Chukua chombo kinachokwenda maili 6 za baharini kwa saa, na mkondo unaokikata ubavuni kwa maili 3 kwa saa. Babu hapigi hesabu. Anaoanisha mnara wa msikiti na mnazi ulio nyuma yake, na vikianza kuachana anapandisha omo, yaani mbele ya chombo, kuelekea mkondo unakotoka mpaka virudi mstari mmoja. Mtihani unataka jambo lilelile kwa penseli. Chora mkondo, maili 3. Chora mwendo wa chombo, maili 6. Gawanya 3 kwa 6, upate 0.5, na pembe ambayo sine yake ni 0.5 ni nyuzi 30. Basi omo ipande nyuzi 30 kuelekea mkondo. Mwendo unaobaki wa kwenda mbele ni 6 mara 0.866, yaani maili 5.2 kwa saa. Umbali wa maili 10.4 utamchukua saa 2 kamili. Asiyeuhesabu mkondo ataandika saa 1 na dakika 44, na tena atakuwa amekwishasukumwa maili 5 pembeni. Wengi hukosea kwa kuchora mshale wa mkondo kinyume, na wengine kwa kusahau kwamba mwendo unapungua omo ikipinda. Akikaa na babu jioni mbili tatu, babu aseme analofanya naye achore, trigonometria ya bapa itamkaa. Ile ya tufe, ya jua na nyota, inamhitaji mwalimu.

Yuniti hiyo airudie mapema, mtihani wa marudio wa kwanza utakaofunguliwa. Si kwa ajili ya alama tu. Masomo ya kuongoza meli ya semista zinazofuata yamejengwa juu yake, na vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kuendelea na ya juu kabla hajafaulu la chini, kwa hiyo yuniti moja inaweza kumchelewesha mwaka mzima. Na kampuni inayochukua makadeti huitisha transkripti.

Lingine la wiki hii ni macho. Kama hajapimwa rangi na daktari aliyeidhinishwa kupima mabaharia, apimwe sasa, si mwaka wa tatu. Afisa wa deki lazima atofautishe taa nyekundu na ya kijani za meli nyingine usiku, na kipimo cha deki ni kikali kuliko cha injini. Kuna vijana wanaolipa karo miaka miwili ndipo wanaoneshwa kile kitabu cha nukta za rangi na hawaisomi namba. Akishindwa, aulize mapema kama kipimo cha injini atakifikia, kwa sababu yuniti za mwaka wa kwanza bado zinaweza kumvusha.

Kozi fupi za usalama zina majira yake. Zile za msingi ni nne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi pamoja na wajibu wa kijamii. Juu yake kuna ufahamu wa ulinzi wa meli. Bila hizo hapandi meli. Lakini ujuzi wa kujiokoa na wa kuzima moto unatakiwa kuthibitishwa upya kila miaka 5, na cheti cha daktari kinakwisha baada ya miaka 2 kwa mtu mzima, mwaka 1 kwa aliye chini ya miaka 18. Ukimfanyisha yote mapema, utalipa mara mbili. Za baadaye, kabla ya leseni, ni boti za kuokolea, moto wa hatua ya juu, huduma ya tiba melini na redio ya dharura, na mafunzo ya rada na ramani za kielektroniki. Waulize chuo zipi zimo ndani ya karo na zipi mtalipa pembeni. Hapo ndipo bajeti za wazazi huvunjika.

Diploma au digrii? Kwa leseni ya afisa wa zamu digrii si sharti. Cheti ni kilekile. Digrii inafaa siku atakapotaka kazi ya nchi kavu, ukaguzi wa meli, bima, bandari au ualimu. Ushauri wetu ni amalize diploma, aingie baharini, apate leseni, halafu aombe digrii akiwa na transkripti nzima, maana sifa iliyokamilika hupokewa vizuri kuliko kipande chake. Karo ikibana, HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, inakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia. Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, isimfanye asubiri nyumbani akidhani ukadeti utapatikana Kililana, ilipo bandari hiyo. Makadeti huchukuliwa na kampuni za meli, na maombi hupelekwa kwao na kupitia chuo. Aende ofisi ya mafunzo ya baharini chuoni, aulize kwa maandishi: programu yangu imeidhinishwa kwa leseni gani, kitabu cha kadeti nitapewa lini, na ni kampuni zipi zilizochukua wanafunzi wa mwaka jana.

Akipata meli, daftari la pili lisichezewe. Kazi iliyofanywa leo isainiwe wiki hiyo hiyo. Mtahini akiona kurasa 40 zenye wino mmoja na tarehe moja anajua ziliandikwa siku ya kushuka, na anaweza kukataa zote. Siku ya kushuka asiondoke bila barua ya nahodha yenye muhuri, iliyotaja jina la meli, namba ya IMO, ujazo, nguvu ya mtambo, cheo chake, tarehe ya kupanda na ya kushuka, na kando kabisa, kwa sentensi yake, ile miezi 6 ya zamu. Sentensi hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi, na kumtafuta nahodha aliyekwisha kuhamia meli nyingine ni kazi ya mwaka. Na jina lake liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama cheti cha KCSE kimeandika Mohamed na pasipoti imeandika Muhammad, lisawazisheni sasa, akiwa bado nyumbani.